Nihariri saa ngapi, nisafiri siku gani?

Swali: Mama, salamu kutoka Webuye. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa. Riwaya yangu ya kwanza ilitoka mwaka jana, na sasa muswada wa pili umekubaliwa. Mhariri amenitumia ripoti ya kurasa 8 pamoja na muswada uliojaa maoni ya pembeni, akanipa wiki 6. Wiki hiyohiyo nimealikwa na shule tatu nikazungumze kuhusu kitabu cha kwanza: moja Kakamega, moja Kisumu, moja Nakuru. Nyumbani nina watoto wawili wadogo. Wewe unayeishi kwa kuandika, siku yako huendaje? Unahariri saa ngapi, unasafiri saa ngapi, unauza vitabu saa ngapi? Na je, niache ualimu?

Jibu: Mwalimu, salamu zimefika Kisumu, na hongera kwa muswada wa pili. Wengi huishia kwenye wa kwanza.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi: usiache kazi. Hesabu nitakuwekea huko mbele uione mwenyewe. Hilo la saa ndilo linalotaka kikao.

Miaka ya mwanzo nami nilipanga kwa saa. Nilikuwa na karatasi ukutani: alfajiri kuhariri, mchana kusafiri, jioni kuwapigia simu wenye maduka ya vitabu. Ilipendeza kuitazama. Halafu ikaja riwaya yangu ya tatu, iliyokuwa na mhusika aitwaye Juma. Mhariri akaniambia, na alikuwa na haki, kwamba hadithi nzima iko Nyakach na huyu Juma hatujaambiwa ametoka wapi. Nimpe jina la pale au nieleze alivyofika. Nikaamua aitwe Otieno. Siku hiyo nilikuwa ndani ya matatu naenda Nakuru kwenye hafla, laptopu mapajani, tumeshaipita Ahero. Nikaiamuru programu ibadilishe kila Juma liwe Otieno. Ikafanya kazi hiyo kufumba na kufumbua. Nikautuma muswada kwa bando ya simu kabla hatujaingia Kericho, nikaegemea kiti nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Siku tatu baadaye mhariri alinipigia akicheka mpaka akakohoa. Katika kijiji changu watu walikuwa wakienda kanisani Otienopili. Soko lilikuwa la Otienotatu. Na ukurasa wa mia moja na kitu, polisi walikuwa wakichunguza huotieno za kiuchumi, kwa sababu ndani ya neno hujuma nako mna Juma.

Ningekuwa mezani ningeangalia neno moja baada ya jingine. Ndani ya matatu nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla betri haijazima, na mwenzangu wa kiti alikuwa akichungulia. Tangu siku hiyo karatasi ile niliitoa ukutani. Sasa nina siku za meza na siku za barabara, na hizo mbili hazichanganyiki. Siku ya barabara sigusi muswada. Siku ya meza sipokei mwaliko, hata uwe wa mtaa wa pili. Kwa hiyo swali lako mimi ningeliuliza hivi: katika wiki hizo, ni siku ngapi za meza na ni siku ngapi za barabara?

Siku ya meza kwangu huanza saa kumi na nusu alfajiri. Sijisifu, ni joto. Ukiwa chini ya mabati huku karibu na ziwa, ikifika saa saba mchana kichwa hakina cha maana kinachotoka. Hiyo alfajiri mpaka saa kumi na mbili na nusu ni yangu: simu imezimwa, intaneti imezimwa, kuna chai ya rangi tu. Kisha ni uji, sare, viatu visivyoonekana, watoto waende shule. Narudi mezani saa tatu hadi saa tano na nusu. Jumla saa 4 na nusu, na hapo sihariri tena hata nikilipwa, maana mwandishi aliyechoka hukubali kila kitu: hukubali sentensi yake mbovu na hukubali sahihisho baya la mhariri. Mchana ni wa kazi zisizotaka kichwa. Najibu barua pepe, namkumbusha mwenye duka aliyechukua nakala 10 tangu Februari kwamba bado sijaona kitu, kisha jua likipungua naipeleka sura ya kesho ikachapwe kwenye duka la fotokopi. Nahariri kwenye karatasi kwanza. Stima ikipotea, karatasi haipotei nayo.

Wewe hizo saa huna. Una labda saa moja na nusu kabla ya kukimbilia shuleni. Zinatosha, lakini zipigie hesabu kwa uaminifu. Tuseme riwaya yako ina maneno 60,000. Kwa maneno 250 kila ukurasa hizo ni kurasa 240. Ukihariri vizuri kurasa 6 kila alfajiri, na 6 si chache, unahitaji siku 40. Wiki 6 ni siku 42. Umebaki na siku mbili za kuugua, kusahihisha mitihani na kuzika, na unajua huku kwetu Jumamosi ngapi huenda matangani. Tena hiyo ni pasi moja tu, yaani kuupitia muswada mara moja, nawe unahitaji mbili: hiyo ya lugha, na kabla yake ya mambo makubwa, iliyo ya haraka, wiki mbili.

Basi leo, kabla hujagusa ukurasa wowote, mwandikie mhariri umwombe wiki 8. Eleza kwamba unafundisha na utafanya kazi kila siku. Mhariri hamchukii mwandishi anayeomba wiki mbili siku ya kwanza. Humchukia anayeziomba siku ya 41, wakati mtu wa kupanga kurasa ameshatengewa kazi hiyo na mpiga chapa ameshaambiwa lini aitarajie.

Sasa ile ripoti. Kurasa 8 si nyingi, nimewahi kupata 14. Isome mara moja, ukasirike, uifungie kwenye droo siku tatu. Mimi hukasirika kweli. Huwa naosha vyombo vya nyumba nzima. Siku ya nne utashangaa kwamba nusu ya yale yaliyokuuma ulikuwa ukiyajua tangu ulipokuwa ukiandika, ukatumaini hakuna atakayeona. Pitia kila hoja na penseli, uandike pembeni moja kati ya maneno matatu: nakubali, nakataa, nauliza. Ukikuta umeandika nakubali kila mahali, hujasoma. Ukikuta nakataa kila mahali, hujatulia, rudisha kwenye droo.

Kisha anza na makubwa, na hapa ndipo walimu wa lugha hukosea kuliko watu wote. Mwalimu akiona kosa la upatanisho wa kisarufi mkono unamwasha. Atakaa wiki mbili akisafisha viambishi katika sura ambayo ripoti, ukurasa wa 7, inasema itolewe. Yalinipata: siku tano nikiing'arisha sura ya nne, na hatimaye ikatoka nzima, na kitabu kikapumua. Kwanza jiulize nani anaondoka, sura gani inahama, mwisho unasimama au haujasimama. Hiyo ndiyo pasi ya kwanza, nayo haitaki kalamu nyekundu.

Katika pasi hiyo tengeneza jedwali la siku. Chukua kalenda ya kawaida ya ukutani ya mwaka uliopita, andika kila tukio la riwaya kwenye tarehe yake. Utaona mambo. Mhusika wangu mmoja alishika mimba masika yakianza, akajifungua masika ya pili yakianza, yaani miezi 12, kama punda. Mwingine alitoka Kisumu akafika Kakamega kabla chai yake haijapoa, na ile ni safari ya kilomita 50 hivi, yenye vituo, makanga wa kubishana na watu wa kushuka Chavakali. Mwingine alikuwa ameshaipita Maseno akielekea Busia ndipo akavuka Ikweta, ilhali mstari wenyewe uko palepale Maseno. Makosa kama hayo mhariri wa Nairobi anaweza asiyaone. Msomaji wa Luanda, hii yetu jirani na Maseno, atayaona, na atakuambia mbele ya wanafunzi 300.

Angalia pia saa. Wengi wetu tunaandika vidokezo kwa Kiingereza na riwaya kwa Kiswahili. Ukaandika kwenye kidokezo kwamba mwizi aliingia saa 2 za usiku wa manane kwa hesabu ya Kizungu, kisha kwenye riwaya likatoka “saa mbili usiku”, wakati nyumba nzima bado inakula ugali. Nimeisoma hiyo katika muswada wa mtu mzima na akili zake.

Pasi ya pili ndiyo ya lugha, nawe hapo uko nyumbani, kwa hiyo nitakuonya juu ya jambo moja tu: mazungumzo ya wahusika. Makanga wa Kondele hasemi “abiria anayekwenda Luanda”. Anasema “mwenye anaenda Luanda apande”. Mama muuza samaki husema “ako na deni yangu”. Mwalimu aliye ndani yako atataka kuwasahihisha, na mhariri aliyefunzwa Kiswahili sanifu atataka vivyo hivyo, na mkikutana ninyi wawili mtamgeuza makanga kuwa mtangazaji wa taarifa ya habari. Msimulizi wako aseme “aliyekuja”. Makanga mwachie “mwenye alikuja”. Lakini uwe na msimamo mmoja. Usimfanye mtu yuleyule aseme “ako na” ukurasa wa 20 na “ana” ukurasa wa 22 bila sababu ya hadithi.

Njia ninayoitumia ni karatasi moja ya kaida inayoambatana na muswada. Ndani yake naandika: wahusika hawa watatu wanazungumza hivi, msiwaguse, maneno haya ya Kijaluo yanabaki bila herufi za mlazo na bila faharasa ya kuyaeleza, naandika mahali, siandiki pahali, majina ya watu na vijiji yanaandikwa hivi. Ukurasa mmoja tu. Utakuokoa maoni 200 ya pembeni.

Na msimulizi mwenyewe mkague kwa sikio. Soma kwa sauti. Utakaposikia “mwanamke ambaye alikuwa ameolewa na mwanamume ambaye alikuwa na duka ambalo”, simama. Lugha yetu ina “aliyeolewa”, ina “mwenye duka”. Sentensi zinazotembea kwa ambaye na ambalo huwa zimefikiriwa kwingine zikaletwa kwetu zikiwa zimechoka.

Baada ya miezi kadhaa zitakuja prufu, kurasa zikiwa zimepangwa kama zitakavyokuwa kitabuni. Hapo usiandike upya. Ukiongeza mistari minne ukurasa wa 30, kila ukurasa unaofuata unasogea. Na kuna hesabu ambayo hakuna aliyenieleza mpaka kitabu cha pili: karatasi kubwa ya mashine ya chapa hukunjwa ikatoa kurasa 16 kwa mara moja, au 8 kwa nyingine. Kurasa 240 ni vifungu 15 kamili vya 16. Riwaya ikifika 243, mchapishaji atalipia karatasi tupu za mwishoni, au atakupigia simu jioni moja akuombe upunguze kurasa 3. Akikuomba, usilie, kata. Mimi hukata maelezo ya mandhari kwanza, hasa machweo. Kila mwandishi wa Kisumu ana machweo ya ziwani zaidi ya anayohitaji.

Katika prufu tafuta vitu viwili ambavyo programu za kigeni hutuharibia. Cha kwanza ni maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari. Programu isiyojua Kiswahili hukata “nyum-ba” na “ng-ombe”. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, basi ni “nyu-mba”. Cha pili ni ile alama ya ng'. Mara nyingi hugeuzwa kichwa chini ikawa ya kufungulia maneno ya msemaji, na ukurasa mzima unaonekana kama ng'ombe ndiye anayezungumza. Nilikuta 31 katika kitabu kimoja. Hizo prufu zisome kwa karatasi, ukifunika mistari ya chini kwa rula, na ikiwezekana mwombe mtu mwingine asome pamoja nawe. Macho yako yanakijua kitabu, kwa hiyo yanasoma kilichopaswa kuwapo.

Hapo ndipo kazi ya meza inapoishia. Barabara haina mengi, ila ina vishawishi.

Siku ya barabara nabeba vitabu 40, kalamu mbili, daftari la risiti, namba yangu ya M-Pesa iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadibodi, na koti, kwa sababu Mau Summit haimwonei huruma mtu wa Kisumu. Laptopu inabaki nyumbani. Nina daftari dogo la mfukoni kwa ajili ya maneno ninayoyasikia njiani, basi.

Vitabu vinasafiri nami. Katoni ya vitabu 40 ina kilo zaidi ya kumi, inachosha, na utatamani kuitanguliza kwa gari jana yake. Nilifanya hivyo mara moja. Hafla ilikuwa Ijumaa, katoni ikafika Jumamosi, imeloa upande mmoja. Nilizungumza saa nzima kuhusu kitabu ambacho hakuna aliyeweza kukinunua, na mtu wa ofisi ya vifurushi akaniambia mvua si yake.

Kuhusu shule zenyewe: mwaliko wa mwalimu mwenzako hautoshi. Pata barua au ujumbe kutoka kwa mwalimu mkuu unaosema siku, saa, na iwapo vitabu vitauzwa. Wanafunzi wa bweni hawana fedha mkononi, kwa hiyo usitegemee foleni. Ufanye mpango maktaba ya shule inunue nakala 10 au 15, ama siku yako iangukie siku ya wazazi, ambapo pochi zimekuja zenyewe. Shule ikisema italipa baadaye, acha ankara, uache na nakala chache, na ujiandae kusubiri muhula. Wewe ni mwalimu, unajua shule hulipa vipi.

Ukisimama mbele yao, soma kurasa tatu tu. Usianze na ukurasa wa kwanza. Chagua mahali watu wawili wanapogombana, na ukatize kabla mgomvi mmoja hajajibu. Kisha watakuuliza maswali mawili, na hayakwepeki. La kwanza ni kama mhusika mkuu ni wewe. La pili ni umelipwa ngapi. Hilo la pili wajibu ukweli, kwa sababu kuna mmoja pale nyuma anayetaka kuandika, na asipoambiwa na wewe atadanganywa na mwingine.

Ukweli wenyewe, nawe uusikie sasa. Tuseme kitabu chako kinauzwa shilingi 500, na mchapishaji hulipatia duka punguzo la asilimia 30, yaani yeye hupata 350. Mrabaha, yaani fungu lako mwandishi, wa asilimia 10 ya fedha hiyo ni shilingi 35. Hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, unabaki na shilingi 33 na senti 25. Nakala 1,000, ambazo kwa riwaya isiyosomwa darasani si kidogo hata kidogo, zinakupa shilingi 33,250, pengine mara moja kwa mwaka. Kuna mikataba inayohesabu mrabaha kwa bei ya dukani, basi ungepata 50 kabla ya kodi. Soma wako uone unasema nini. Kitabu kikiidhinishwa na KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, kuwa kitabu teule cha kusomwa shuleni, hesabu hubadilika kabisa, ila huo si mpango wa kulisha nao watoto wawili. Ndiyo maana nikasema usiache kazi. Mimi “ninayeishi kwa kuandika”, kama ulivyosema kwa heshima, ninaishi kwa kuhariri miswada ya wengine, kutafsiri, na kuendesha warsha. Riwaya zenyewe hulipa karo ya muhula mmoja, mwaka ukiwa mzuri.

Vitabu unavyouza kwa mkono ndivyo vina faida kidogo. Ukinunua kwa mchapishaji kwa 350 ukauza kwa 500, kila kimoja kinakuachia 150. Nauli, chakula na kitanda cha usiku mmoja vikila 3,000, lazima uuze 20 ndipo utoke sare. Kitabu cha 21 ndicho cha kwanza kukulipa. Kwa hiyo safari ya shule moja mara nyingi ni hasara, na safari ya shule mbili kwenye barabara moja huanza kuwa na maana.

Sasa tuipange ya kwako. Kakamega na Kisumu ziko kwenye njia moja kutoka Webuye. Ziunganishe: Ijumaa alasiri Kakamega, ulale Kisumu, Jumamosi asubuhi shule ya Kisumu, jioni uko nyumbani. Muulize mwenyeji wako wa Kisumu kama ni shule ya bweni, maana ya kutwa Jumamosi utakuta walinzi na mbuzi. Wikendi hiyo iweke mwisho wa wiki ya pili, kati ya pasi ya kwanza na ya pili, muswada ukiwa unahitaji kupumzika hata hivyo. Hizo ni siku mbili za barabara, na ndizo pekee ndani ya wiki 8.

Wiki ya kurudi kutoka safari usitarajie kurasa 6 Jumatatu. Mimi siku ya kwanza baada ya barabara huwa naandika tu yale niliyosikia, na kuhesabu pesa. Na kuhusu watoto wako: wakishajua kwamba kuna wikendi moja tu unayoondoka, na imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni, hawakusumbui alfajiri kama unavyohofia. Wangu walikuwa wakinisumbua zaidi zamani zile nilipokuwa niko na siko kila siku.

Nakuru iahirishe. Ni safari ya kupitia Eldoret na Timboroa, haiungani na chochote ulicho nacho mwezi huu, na itakula Ijumaa, Jumamosi na nusu ya Jumapili. Septemba kuna maonyesho ya kimataifa ya vitabu Nairobi, pale Sarit Centre, na mchapishaji wako huenda akataka uwepo. Nakuru iko njiani, kilomita 160 hivi kabla ya Nairobi. Waandikie kwamba utapita kwao wiki hiyo ukienda au ukirudi. Waombe wakati huohuo waulize maktaba yao kama ingetaka nakala mapema, na kama wanaweza kukuchangia nauli ya kutoka Eldoret. Shule nyingi hazikatai nauli. Ni sisi tunaoona haya kuitaja. Ongeza pia kwamba kabla ya hapo, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, unaweza kuzungumza na wanafunzi wao kwa simu iliyounganishwa na kipaza sauti cha ukumbini. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa jikoni kwangu, kuku wakisikika nyuma, na shule ile ikaagiza nakala 12 bila mimi kupanda gari lolote.